Mtutu wa bei mbaya haukupi haki ya kupiga mbali

Wadau, leo naomba niongee kuhusu mtutu wa bunduki. Msikimbie. Sisemi ule mtutu unaotajwa kwenye habari za mapinduzi, wala siandiki habari za majambazi. Nasema mtutu wa bunduki ya kuwindia, ile nyepesi ambayo mwenyewe anataka aipandishe mlimani kutwa nzima, halafu mnyama akionekana ng'ambo ya bonde aweze kumfikia kwa risasi moja.

Najua mtauliza: mwandishi wa habari wa mjini, anayegombea daladala kila asubuhi, mitutu inamhusu nini? Inanihusu kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya gazeti imenifundisha kuzitilia shaka bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ambazo bidhaa yenyewe haiwezi kuzitimiza, na bunduki nyepesi ya masafa marefu ni mojawapo. Pili, baadhi ya Wamarekani wanaozinunua bunduki hizi ndio haohao wanaokuja kuwinda kwenye vitalu vyetu. Ubishi unaoanzia dukani kule Montana unaweza kuishia kwenye matone ya damu vichakani huku kwetu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiye na muda asisumbuke. Mtutu mzuri wa bunduki ya namna hii ni mtutu wa chuma wa kawaida, usio mrefu sana, usio mwembamba kupita kiasi, na wenye msokoto unaoendana na risasi yake. Pesa inayobaki inunue risasi za mazoezi. Na hakuna mtutu, hata wa bei gani, unaompa mtu ruhusa ya kumpiga mnyama mita 600 kwa sababu tu risasi inafika.

Tuanze na uzito. Huko magharibi mwa Marekani, kwenye milima ya Montana, Idaho na Wyoming, mwindaji anaweza kutembea siku nzima akipanda na kushuka kumtafuta kondoo wa milimani au elk, yule paa mkubwa ambaye dume lake hupita kilo 300. Kila gramu inaonekana begani. Na kwenye bunduki, chuma kingi kipo kwenye mtutu. Mtutu mwembamba wa inchi 22, yaani kama sentimita 56, una karibu kilo moja. Mtutu mnene wa inchi 26 wa watu wa shabaha unapita kilo mbili. Kwa hiyo anayetaka kupunguza uzito huanzia hapo, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Chukua fimbo mbili za chuma zenye urefu sawa, moja ina kipenyo mara mbili ya nyingine. Ile nene haiwi ngumu kupinda mara mbili tu, inakuwa ngumu mara 16. Ni hesabu ya fizikia. Ndiyo maana ukiupunguza mtutu unene kidogo tu, unapoteza ugumu mwingi sana. Na ugumu una maana yake, kwa sababu bunduki inapolia mtutu wote unatetemeka kama antena ya gari, na risasi inatoka wakati mdomo wa mtutu bado unacheza. Mtutu mwembamba unacheza zaidi, na ukipata moto baada ya risasi tatu au nne unaweza kuanza kupeleka risasi pembeni, hasa kama kiwandani chuma chake hakikupashwa joto vizuri kuondoa mivutano iliyomo ndani.

Kwa hiyo mtutu mwembamba haufai? Hapana, taratibu. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganya mambo mawili. Mtu wa shabaha anapiga risasi kumi, ishirini, mtutu unakuwa wa moto kama pasi. Mwindaji anapiga moja. Akikosea anapiga ya pili, na baada ya hapo mnyama ama kaanguka ama kaondoka. Kitu anachokihitaji mwindaji ni mtutu ambao risasi yake ya kwanza, ukiwa baridi, leo na kesho na mwezi ujao, inaangukia palepale. Mtutu wa kilo moja uliotengenezwa vizuri unaweza kuifanya kazi hiyo. Kuununua mtutu wa kustahimili risasi 20 mfululizo ili ukapige moja ni sawa na kununua basi la abiria 60 ili upeleke mtoto mmoja shule.

Halafu kuna urefu. Wengi wanaamini mtutu mrefu ndio unaopiga mbali. Mtutu mrefu unachokiongeza ni mwendo wa risasi tu, kwa sababu gesi ya baruti inapata nafasi ndefu zaidi ya kuisukuma. Kwa risasi nyingi za kuwindia, kila inchi unayokata inapunguza kama mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Ukitoka inchi 26 kuja 22 unapoteza takribani mita 30 kwa sekunde kwenye risasi inayotoka na mita 800 au 900. Hasara hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Angalia unachopata badala yake. Ugumu wa fimbo unapungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, kwa hiyo kwa unene uleule, mtutu wa inchi 22 ni mgumu kupinda kuliko wa inchi 26 kwa zaidi ya nusu. Mimi ningekata urefu kabla ya kukata unene. Bunduki inakuwa nyepesi, haikwami kwenye matawi, na mtutu unabaki na mwili.

Jambo la tatu halina uzito wowote, halionekani kwa macho, na nadhani ndilo muhimu kuliko yote. Ni msokoto. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, na mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili isipinduke hewani, kama pia ya mtoto inavyosimama kwa sababu inazunguka. Wakisema msokoto wa 1:8 maana yake risasi inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 8 za mtutu. Risasi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyohitaji msokoto mkali zaidi. Hili lilijulikana zamani sana. Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni ya kulikokotoa mwaka 1879. Na risasi zinazokata upepo vizuri kwa masafa marefu ni zile ndefu, zilizochongoka.

Kuna kisa ambacho kila mnunuzi wa mtutu angepaswa kukijua. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa risasi za kipenyo kilekile cha milimita 6. Winchester ikatoa .243, msokoto 1:10. Remington ikatoa .244, msokoto 1:12. Kwa ganda na baruti zilikaribiana sana, na wapo waliosema ile ya Remington ilikuwa na nguvu kidogo zaidi. Lakini wanunuzi walitaka bunduki moja ya kupigia wanyama wadogo na kulungu pia, na kwa kulungu walitaka risasi ya grein 100, yaani gramu 6.5. Winchester iliimudu. Sifa ya Remington ikawa kwamba msokoto wake ni mlegevu kwa risasi ndefu ya uzito huo. Ikafa sokoni. Mwaka 1963 Remington ikairudisha kwa jina jipya, 6mm Remington, na msokoto wa 1:9, lakini wateja walishahama. Inchi chache za msokoto ziliizika risasi nzima.

Na hadithi inajirudia. Ile .270 Winchester ya mwaka 1925 ina msokoto wa 1:10, unaofaa kabisa kwa risasi za zamani. Zilipokuja risasi ndefu za kisasa, msokoto ule haukutosha, na mwaka 2021 ikatoka 6.8 Western, yenye kipenyo kilekile cha risasi lakini msokoto mkali zaidi. Nayo 6.5 Creedmoor iliyotoka mwaka 2007 ilipendwa haraka kwa sababu bunduki zake zilitoka kiwandani zikiwa na 1:8, tayari kwa risasi ndefu. Huna haja ya kubadilisha kitu. Hata hivyo utamkuta mtu dukani anauliza mtutu ni wa kampuni gani na una rangi gani, msokoto hauulizi. Kaazi kweli kweli.

Sasa tuje kwenye mtutu wa kisasa wa nyuzi za kaboni, ule mweusi unaomeremeta kwenye matangazo. Christensen Arms ya Utah ilianza kuutengeneza miaka ya 1990, na PROOF Research ya Montana ni jina kubwa siku hizi. Unachukuliwa mtutu wa chuma uliochongwa ukawa mwembamba sana, unazungushiwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi, unatoka mnene kama wa watu wa shabaha lakini mwepesi kama wa mwindaji. Ni kazi ya kihandisi ya kupendeza, sibishi. Kwa anayepiga risasi nyingi, au anayetaka kufunga kiwambo kizito cha kuzuia sauti mdomoni, una faida ya kweli. Lakini bei yake huwa kama mara mbili ya mtutu mzuri wa chuma, na sehemu kubwa ya pesa hiyo inanunua ustahimilivu wa risasi nyingi mfululizo, kitu ambacho tumeona mwindaji hakihitaji.

Wengine huchonga mifereji kwa nje ili kupunguza uzito. Sawa, lakini tusidanganyane. Mtutu uliochongwa mifereji ni mgumu kuliko mtutu laini wa uzito uleule. Ukiulinganisha na mtutu laini wa unene uleule, ni dhaifu zaidi, kwa sababu umeondolewa nyama. Muuzaji atakutajia ule ulinganisho wa kwanza, wa pili atausahau.

Kuna njia nyingine ya kupunguza uzito, nayo ni kuuacha mtutu na kugeukia vingine. Miaka ya 1980 fundi mmoja wa West Virginia, Melvin Forbes, alishangaza watu kwa bunduki za kilo mbili na ushee tu. Siri yake kubwa ilikuwa kitako. Alikitengeneza kwa nyuzi za Kevlar na grafiti, kikawa na kama nusu kilo, kigumu, kikiushika mtutu kwa urefu wake wote. Darubini nayo wengi wanaisahau. Watu wanalipa maelfu ya dola kunyoa gramu 300 kwenye mtutu, kisha wanaweka juu yake darubini ya karibu kilo nzima yenye vioo vya kuangalia mwezi.

Na kabla hujanyoa kila mahali, kumbuka teke. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3 inakupiga bega kwa nishati iliyozidi theluthi moja kuliko ya kilo 4. Mtu akishapigwa mara kadhaa anaanza kufumba macho kabla hajavuta, na hakuna msokoto unaotibu woga huo.

Hapa nimkumbuke mwenzetu wa kalamu. Jack O'Connor, aliyeishi 1902 hadi 1978, alikuwa mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Arizona kabla hajawa mwandishi mashuhuri wa mambo ya bunduki katika gazeti la Outdoor Life. Ndiye aliyeifanya .270 ipendwe. Bunduki yake maarufu ya kondoo wa milimani ilikuwa Winchester Model 70 Featherweight, aina iliyoanza kutoka mwaka 1952, yenye mtutu mwembamba wa chuma wa inchi 22. Hakuwa na kaboni wala mita ya leza. Alikuwa na miguu. Alipanda mpaka akafika karibu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Tuseme umenunua mtutu bora kuliko yote duniani. Unaweka risasi zote tano kwenye duara la sentimita 3 kwa mita 100. Kwa mita 500 duara hilo ni sentimita 15, na moyo na mapafu ya kulungu ni kama upana wa sahani ya chakula. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Lakini risasi ya 6.5 Creedmoor inahitaji kama sekunde 0.7 kufika huko. Mnyama anayetembea polepole, kilomita 4 kwa saa, katika muda huo anasogea karibu sentimita 80. Ulilenga bega, umepiga tumbo. Hata aliyesimama anaweza kupiga hatua moja baada ya wewe kuvuta, na hutaweza kuirudisha risasi. Kwa mita 200 muda ni robo ya sekunde tu. Bado upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupepea majani, unaisogeza risasi hiyo zaidi ya sentimita 30 kwa mita 500, na bondeni upepo wa huku si upepo wa kule.

Mtutu haujui hayo. Mtutu unaweza kuifanya risasi itoke sawasawa kila mara, hauwezi kumshika mnyama asitembee. Sasa anayemuuzia mtu mtutu kwa maneno "mita 800 bila wasiwasi" anauza nini hasa?

Najua kuna upande wa pili, na si wa kipuuzi. Watasema kuna milima ambayo hakuna namna ya kusogea, korongo liko katikati, mnyama yuko ng'ambo. Watasema kuna watu wanaofanya mazoezi kila wiki, wanaosoma upepo kama sisi tunavyosoma vichwa vya habari, na kwamba mpigaji wao wa mita 500 ni salama kuliko mzembe wa mita 150. Hili la mwisho nalikubali kabisa. Lakini mtu wa namna hiyo hakuwa hodari kwa sababu ya mtutu. Aliunguza mitutu kadhaa kwa mazoezi kabla hajawa hodari. Anayenunua kaboni mwezi huu na kuondoka kwenda kuwinda mwezi ujao si yeye.

Nao Wamarekani wenyewe wamelijadili. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kimetoa msimamo kwamba suala si idadi ya mita bali nia. Anayempiga mnyama ili kupima vifaa vyake vinafika wapi, chama hicho hakimhesabu kuwa anawinda. Roosevelt huyo ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na shehena ya bunduki kuja kuwinda Afrika Mashariki.

Katika zama hizohizo alikuwepo Mskoti W.D.M. Bell, aliyejulikana kwa jina la Karamojo, kutokana na Karamoja kule Uganda. Huyu aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya kitoto. Simsifu. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na tembo wetu ndio waliolipa. Ila mbinu yake inafundisha: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, kisha akawa anasogea karibu. Bunduki ndogo ilitosha kwa sababu umbali ulikuwa mfupi na alijua anapiga wapi.

Turudi nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa kibali, na mapato yake yanahesabiwa. Kwa utaratibu wa uwindaji wa kitalii hapa, mnyama akijeruhiwa akapotea, mgeni anamlipia kana kwamba kamuua. Naupenda utaratibu huo, unamfanya mtu afikiri kabla ya kuvuta. Lakini ada inalipa serikali, haimlipi mnyama anayekufa siku mbili baadaye chini ya mwiba. Na anayetangulia kuifuata damu vichakani si mwenye bunduki ya kaboni. Ni mfuata nyayo, kijana wa kijiji cha jirani, anayeinama kuangalia majani huku hajui kichaka kinachofuata kina nini. Umbali wa risasi aliuchagua mtu mwingine. Yeye anautembea.

Kwa hiyo ukinilazimisha nichague, nitachukua mtutu wa chuma kisichoshika kutu, inchi 22, unene wa kati kwenda mwembamba, 6.5 yenye msokoto wa 1:8, kwenye kitako chepesi na darubini ya kawaida. Pesa iliyobaki nitaipeleka kwenye risasi za mazoezi, nipige nikiwa nimepiga goti na nikiwa nahema baada ya kupanda kilima, si mezani kwenye mfuko wa mchanga. Umbali ambao kwa mazoezi hayo risasi ya kwanza inaingia kwenye sahani mara kumi kati ya kumi, huo ndio masafa yangu marefu. Kama ni mita 250, basi ni 250. Akiwa mbali zaidi nitatembea, na akinitoroka, atakuwa ameondoka mzima.

Huo ndio mtazamo wangu. Naomba kuwasilisha.